Gharika na Zile Pedi Mia Sita

Karakana ile ilikuwa na wanawake tisa na cherehani saba, na kazi yao ilikuwa moja tu: kushona pedi za kitambaa, zile za kufua na kuvaa tena. Nje hapakuwa na kibao. Mwenye karakana alikuwa mwalimu mstaafu ambaye watu wote walimwita Mwalimu tu, na alisema kibao kitaleta wanaume wa kuchungulia. Basi aliyepita pale, kati ya duka la rangi na kinyozi, alisikia cherehani zikilia akadhani wanashona sare za shule.

Mle ndani aibu ilivuliwa mlangoni pamoja na viatu. Huwezi kushona pedi kutwa nzima halafu useme "kile kitu" na "yale mambo". Damu waliiita damu. Kitambaa kipya kikiletwa, zilishonwa pedi chache za kujaribia, wakapewa wanawake watano wakazivae. Jumatatu walikaa duara, kila mmoja akasema mbele ya wenzake: imevuja, haikuvuja, imenichoma, imejikunja. Mwalimu akaandika. Hiyo waliiita siku ya majibu, na hakuna pedi iliyotoka mlango ule kabla ya siku ya majibu.

Kati ya hao watano, neno la mwisho lilikuwa la mmoja, Gharika. Jina hilo alipewa na Mkasi, mkataji wa vitambaa, mwanamke mwembamba mwenye mdomo mkali kuliko chuma alichoshika. Ni kwa sababu huyo mwenzake akiingia mwezini haikuwa mchezo. Siku tano, na si matone. Wengine wangenuna kuitwa hivyo. Yeye alicheka, akalivaa jina kama kilemba. "Ikinizuia mimi," alikuwa akisema, "basi hiyo hata bwawa itazuia." Na kweli, akisema imevuja, Mwalimu alikirudisha kitambaa alikokitoa bila kuuliza mara mbili.

Halafu akaugua. Kansa ya shingo ya kizazi, na umri wake miaka thelathini na sita. Karakanani alisema ana uvimbe, basi, akaondoka miezi mitano. Alipigwa mionzi siku baada ya siku, akatiwa dripu zilizomfanya atapike mpaka nyongo ya kijani, akajikaza. Kansa ikaondoka. Ila mionzi haina macho. Ilichoma kibaya na kizuri. Nesi alimkalisha akamweleza kwamba hedhi haitarudi tena, kwamba mwili wake sasa utakuwa kama wa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, joto litampanda ghafla, ukavu, usingizi wa mang'amung'amu, hasira. Akampa na karatasi ya kusoma. Juu ya karatasi palikuwa na picha ya bibi mwenye mvi amekaa kwenye kiti cha bustani, anacheka meno yote.

"Huyu ndiye mimi?" Gharika aliuliza.

"Ni picha tu, dada."

"Anacheka nini?"

Karatasi ile Gharika aliitupa kwenye pipa la taka palepale mlangoni mwa hospitali, akatema mate pembeni.

Sasa ukiuliza kwa nini hakusema ukweli aliporudi kazini, jibu lilikuwa pale nyuma ya karakana. Palikuwa na meza ndefu karibu na choo, wamekaa wanawake wawili waliokwisha koma hedhi siku nyingi. Kazi yao kukata nyuzi, kukunja na kufunga. Hao kila mtu aliwaita bibi, hata waliowazidi umri kwa mwaka mmoja, na utani ulianzia kwao kila asubuhi: bibi kalale, bibi umesinzia, bibi magoti yanalia. Wenyewe walishazoea. Lakini Gharika alipoitazama meza ile alihisi kinyaa, kama mtu aliyeona unywele kwenye chakula. Na miaka thelathini na saba sasa! Aitwe bibi na Mkasi! Afadhali arudi kwenye dripu.

Kwa hiyo pedi za kujaribu zilipogawiwa, alinyoosha mkono akapokea yake kama zamani. Alipofika nyumbani akaitumbukiza kwenye boksi chini ya kitanda. Jumatatu akakaa kwenye duara, akaziba pua kimoyomoyo, akatunga uongo. "Hii inajikunja ukitembea." "Hii nzuri, ila kamba fupi." Alikuwa ameshona miaka kumi na mmoja, akiishika tu kwa vidole alijua mengi, na uongo wake mara nyingi ulilingana na ukweli. Hilo ndilo lililompumbaza. Ilikuwa mwezi wa kwanza, wa pili, mpaka ukafika wa saba.

Mwili nao ukamfanyia vituko. Ameinama kwenye cherehani, mara moto unaanzia kifuani, unapanda shingoni, unajaa usoni mpaka masikio yanavuma. Jasho linachuruzika mgongoni kama kuna aliyemmwagia kikombe. Dakika mbili tatu, halafu baridi, na fulana imeganda mwilini kama ngozi ya mtu mwingine. Akajifunza ujanja wake. Akaacha chai ya moto na pilipili, zilimchochea. Akaweka kwenye mkoba fulana mbili za pamba na kitambaa cha majimaji ndani ya mfuko wa nailoni. Akienda chooni kubadili, alijinusa kwapa, akakunja uso. Harufu haikuwa yake. Ilikuwa ya siki, ya kitu kilichofunikwa kikiwa bado kibichi. Alikuwa mwanamke msafi huyo, mwenye kuoga mara mbili, na sasa anajinusa kama anayekagua nyama ya jana.

Nyumbani palikuwa na mumewe, fundi wa friji, mpole mpaka anakera. Huyo alijua yote. Lakini kujua ni kitu kimoja. Kitandani palikuwa pamegeuka mahali pa maumivu. Nesi alimpa mafuta ya bomba la plastiki, akamwambia apake kwanza, asiharakishe. Yalikuwa baridi, yanateleza, yananukia duka la dawa. Mume akiona bomba lile limetolewa kwenye droo, alianza kumwonea huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomchefua kuliko mafuta.

"Tuache tu, mama watoto, kama inauma."

"Nimesema inauma?"

"Uso wako..."

"Uso wangu uache. Hukuoa uso peke yake."

Akageukia ukutani. Mume akabaki na mkono wake hewani, hajui auweke wapi. Walikuwa na mtoto mmoja, binti wa miaka kumi na mitatu, aliyevunja ungo miezi miwili iliyopita. Siku ile Gharika alimfundisha kila kitu vizuri, akampa pedi sita imara za kushonwa kwa mkono wake. Kisha akaingia bafuni akafunga mlango, akaona mawazo yake mwenyewe akayachukia: alimwonea mwanawe kijicho. Mtoto wake wa kumzaa! Alinawa uso mara tatu, kana kwamba wazo ni uchafu unaotoka kwa maji.

Basi ikaja ile nailoni mpya.

Ndani ya pedi, kati ya flaneli na kitambaa cha chini, kuna tabaka lisilopitisha maji. Mwalimu alipata robota la aina mpya, laini, halipigi kelele ukitembea. Alikishika kitambaa hicho kama anayeshika mtoto mchanga. Akakiweka chini ya bomba, maji yakasimama juu yake kama shanga. "Mnaona? Hakuna hata tone!" Shule ya bweni ya wasichana ilikuwa imeagiza pedi mia sita, na Mwalimu alitaka zote zishonwe kwa kitambaa hicho.

Zikagawiwa tano za kujaribu. Siku ya majibu, wawili walisema mwezi ulikuwa haujawafikia. Mmoja ananyonyesha, hana la kusema. Mkasi akasema, "Yangu imelowa pembeni. Nilikuwa nimekaa nakata, nikainuka nikaona doa."

Wote wakamgeukia Gharika. Na wakati huohuo moto ukaanza kifuani. Aliusikia unapanda, akajua kwamba duara zima litamtazama anavyotota, akataka kitu kimoja tu, kikao kiishe.

"Hukuivaa sawasawa, shoga," alisema. "Umeivaa kama unavyovaa kilemba, upande. Yangu imezuia siku zote tano."

Wanawake wakacheka. Mwalimu akaandika: inafaa. Gharika akakimbilia chooni, akavua fulana, akasimama pale kifua wazi kati ya ndoo na fagio, anajipepea na kipande cha katoni.

Wiki mbili walishona bila kuinua kichwa. Alhamisi zikatimia mia sita, zikafungwa kumi kumi, zikapangwa kwenye maboksi. Gari lilikuwa lije Ijumaa asubuhi.

Alhamisi hiyohiyo jioni, jua bado halijazama, binti alirudi nyumbani kachelewa. Sweta kalifunga kiunoni, uso umevimba. Hakusalimia. Alipita moja kwa moja bafuni, mama yake akamfuata.

"Umefanya nini?"

"Sikufanya kitu! Ni hii!" Binti akaitupa sakafuni. Ilikuwa pedi ya nailoni mpya. "Zangu hazijakauka, nikachukua kwenye boksi lako. Nimekaa vipindi viwili tu, mama. Viwili! Nimeinuka kujibu swali, darasa zima limeona. Kuna mmoja kaziba pua. Nimekaa pale mpaka wote wameondoka, na mwenye zamu ya kufagia ananifagia miguuni kama mimi ni taka."

Gharika aliokota ile pedi. Juu ilikuwa imelowa kidogo tu, mtu hangeidhania. Akaigeuza. Chini ilikuwa imetota kote, kuanzia mshono hadi mshono. Akaiminya kwa kidole gumba, na damu ikapita kwenye nailoni kama maji kwenye kichujio cha chai. Hapo akaelewa. Ukikiacha kitambaa kile kitulie, kinazuia. Ukikikalia, kinaachia. Maji ya bomba hayakalii kitu. Ni mtu tu anayekaa, na mtu aliyetakiwa kuikalia ni yeye.

"Nani alisema hizi ni nzuri?" binti aliuliza huku analia. "Huyo mtu ana akili kweli?"

Damu haikumtisha Gharika, alikuwa ameishika miaka kumi na mmoja. Lakini alijiona yeye mwenyewe kwenye lile duara, anamwambia mwenzake kwamba hajui kuvaa, na watu wanacheka. Aliona wasichana mia wamekaa kwenye madawati ya shule ya bweni, mahali ambapo hakuna nyumbani pa kukimbilia. Akainama kwenye sinki, akatapika chai ya mchana.

Asubuhi alifika karakanani gari likiwa limesharudi nyuma mpaka mlangoni. Dereva alikuwa amebeba boksi la kwanza. Wanawake wote wapo, wanasaidia kupakia, na Mwalimu ameshika hati ya mzigo, karatasi nyeupe yenye mihuri miwili, anaisoma kwa miwani kwenye ncha ya pua.

"Shusha hilo boksi," Gharika alimwambia dereva.

"Kuna nini tena?" Mwalimu akauliza.

"Zinavuja."

"Nani kasema?"

"Mwanangu kavaa jana. Kaaibika darasani."

Mwalimu akashusha pumzi kwa utulivu wa watu waliozoea watoto. "Mtoto ndiyo kwanza anaanza. Hajui kuivaa bado. Wewe mwenyewe umeivaa siku tano, umesema imezuia."

Maneno yaleyale aliyomtupia Mkasi sasa yalimrudia kwa mdomo wa mtu mwingine, na yalinuka. Gharika hakubishana. Alichukua boksi mkononi mwa dereva, akalipasua, akatoa pedi moja. Akachota maji nusu kikombe kwenye ndoo, akayamimina taratibu juu ya flaneli mpaka ikanywa yote. Akamnyang'anya Mwalimu ile hati ya mzigo, akaitandaza kwenye stuli, akaiweka pedi juu yake. Halafu akakusanya sketi yake, akaketi juu ya vyote.

"Wewe una wazimu!" Mwalimu akapiga kelele. "Hiyo ni hati!"

"Subiri."

Wakasubiri. Dereva akageuka kutazama barabara, maskini, hakujua macho ayapeleke wapi. Gharika alikaa wima kama anayepigwa picha. Kisha akainuka. Sketi imelowa makalioni, na karatasi imekuwa uji, mihuri yote miwili imechuruzika bluu hadi kwenye mguu wa stuli.

Mkasi ndiye wa kwanza kufungua mdomo.

"Nilisema," akasema. "Nilisema mimi, nikachekwa."

"Ulisema."

"Sasa yako ilizuiaje siku tano, shoga? Ulikuwa umesimama siku zote tano?"

Hapo kulikuwa na njia ya kutokea. Angeweza kusema robota lilikuwa na pande mbili, moja nzima na moja mbovu. Neno lilikuwa tayari limemfika kwenye ulimi, laini, limeiva. Alilionja akasikia ladha ya matapishi ya jana.

"Sikuivaa," akasema. "Sijavaa hata moja tangu nirudi. Ule haukuwa uvimbe tu, ilikuwa kansa. Wamenichoma na mionzi, na damu imekatika. Haitarudi. Miezi saba nawadanganya. Na wewe, Mkasi, ulisema kweli nikakuaibisha kwa sababu nilikuwa natokwa jasho nikataka kikao kiishe. Mbaya ni mimi."

Mshonaji mmoja, yule anayenyonyesha, aliinamisha kichwa upande, akatoa ile sauti nyembamba watu wanayoitoa msibani. "Jamani, pole dada yangu, kumbe..."

"Pole yako kaa nayo," Gharika akamkata. "Sijafa. Ningekuwa nimekufa pedi zingekuwa nzima."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena bila kuona chochote. Alikuwa amekasirika mpaka midomo imepauka. "Miezi saba nimeandika uongo kwa mkono wangu. Kuanzia leo hujaribu kitu humu. Na uhamie meza ya nyuma, ukakate nyuzi."

"Kujaribu sawa, siwezi, na hata ningeweza nisiaminiwe. Meza ya nyuma siendi. Kilichokatika ni hedhi, vidole vipo. Nani humu anashona mshono ulionyooka kunizidi? Mtaje."

Mwalimu akatazama huku na huku. Bibi mmoja wa meza ya nyuma akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Na sisi huku nyuma tusiwe jalala la kutupia wenye makosa, Mwalimu. Tunakata nyuzi, hatufungi wahalifu." Mkasi akaachia kicheko kifupi, akakimeza. Mwalimu hakutaja jina la mtu.

Maboksi yakarudishwa ndani. Dereva akaondoka na gari tupu, mbio mbio, kama aliyeponea chupuchupu. Mwalimu akatoa simu, kwani mkuu wa shule alikuwa anasubiri mzigo, na kabla hajabonyeza akajisemea, "Nitawaambia kitambaa kimechelewa bandarini."

"Ptu!" Gharika alitema kweli, sakafuni, mbele ya mtu aliyemlipa. "Uongo mwingine tena? Bado hatujashiba?"

"Sasa unataka niseme nini? Niseme mjaribu wangu hana hedhi?"

"Lete simu."

"Sikupi."

"Lete, Mwalimu. Nilivyoharibu kwa mdomo wangu, nitengeneze kwa mdomo wangu."

Pengine ni uchovu, pengine ni udadisi, Mwalimu akampa. Gharika akabonyeza. Simu ikaita mara nne. Ikapokelewa na sauti nzito ya mama mtu mzima, nyuma yake wasichana wanapiga kelele na kengele inagongwa. Wakati huo huo moto ukaanza, palepale kifuani, ukapanda. Gharika hakwenda chooni. Alifungua vifungo vya blauzi viwili, akasimama katikati ya karakana, jasho linadondoka kwenye simu ya watu, akasema:

"Shikamoo mama. Napiga kutoka wanakoshona pedi zenu. Mzigo hauji leo. Pedi zinavuja mtu akikaa. Mimi ndiye niliyesema hazivuji, na nilisema uongo, kwa sababu sipati tena siku zangu tangu nitibiwe kansa, na sikutaka watu wajue. Kosa si la Mwalimu."

Akangoja. Alijiandaa kwa tusi, akajiandaa pia kwa pole, na hakujua kipi kitamchefua zaidi. Upande wa pili mama yule alikuwa anamkaripia mtu, "Wewe, vaa viatu!" Kisha akarudi kwenye simu.

"Marahaba. Nimesikia. Sasa nzima zitakuwa tayari lini?"

Siri aliyoilalia Gharika miezi saba, aliyoificha kwa mabibi, kwa wenzake, kwa mwanawe, mtu ameipokea kama taarifa ya mvua. Nusura akasirike.

"Alhamisi," akasema.

"Alhamisi basi. Msilete Ijumaa, tuna mitihani." Simu ikakatwa.

"Alhamisi!" Mwalimu alishika kichwa. "Pedi mia sita, zifumuliwe, nailoni itolewe, irudishwe ile ya zamani, zishonwe upya! Umehesabu wewe?"

Hakuwa amehesabu. Alifuta simu kwa upindo wa sketi, upande uliokuwa mkavu, akamrudishia mwenyewe. Akavuta boksi lililopasuka mpaka kwenye cherehani yake, akaketi, sketi yenye maji ikamganda mapajani, baridi, ya kukirihisha. Akachukua kifumulio, akachoma mshono wa kwanza.

Mkasi alisimama juu yake, mikono kiunoni.

"Sijakusamehe."

"Sijakuomba bado. Nikimaliza hizi nitakuomba."

"Utamaliza lini, mia sita peke yako?" Akavuta stuli kwa mguu, akakung'uta maji, akakaa. Akachomoa pedi kumi, akazihesabu kwa sauti ili asije akapewa nyingi kuliko haki yake. "Na hiyo kansa, imekwisha kweli au hapo pia unatudanganya?"

"Wamesema imekwisha. Napimwa tena mwezi ujao."

"Nani anakusindikiza?"

"Mume wangu."

"Yule mpole? Atalia pale kwenye benchi akutie aibu. Nitakwenda mimi."

"Sikukualika."

"Najua. Shika huo uzi, unauangusha."

Wakafumua. Nailoni zilitoka moja moja, laini, zinateleza, zinashikana na vidole kama utando wa maziwa, na Gharika alizitupa sakafuni moja baada ya nyingine bila kuziangalia.